Mlango wa Jikoni wa Mama Lusike

Brenda ndiye alianza kuniita mstaafu. Siku nilitoka hoteli ya Kilimani nikiwa nimebeba viatu vyangu vya kazi kwa mkono, akasimama hapo kaunta na kusema, "Haya mstaafu, sasa enda uandike kitabu." Wote mkacheka. Sijafika hata miaka thelathini na mko na ujeuri wa kuniita hivyo. Lakini nilianza risepsheni mwezi ule ule matokeo ya fomu foo yalitoka, sijawahi fanya kazi ingine, na sina mpango wa kurudi nyuma ya kaunta yoyote, mahali popote. Kama hiyo si kustaafu, basi sijui ni nini. Kwa hivyo naandika. Si kitabu. Ni vitu tu mnafaa kujua nyinyi mmebaki hapo, na naandika haraka kwa sababu bado nimekasirika. Hasira ikiisha nitaanza kuwa mpole, nianze kuwaambia uongo.

Mshahara sitaongea. Mnaujua, na mnajua unakujanga lini.

Nilianzia hoteli moja tao, katikati ya jiji, juu kidogo ya barabara ya Tom Mboya, yenye lifti inayosimama katikati ya gorofa hadi uipige teke. Funguo zilikuwa zimefungwa kwa kipande cha mbao kikubwa kama mwiko, ndio mgeni asisahau akaenda nayo nyumbani. Kuna mmoja alienda nayo Meru bado. Nyinyi mnalia na hizo kadi zenu zinazoacha kufanya kazi zikikaa karibu na simu. Mimi nililia na mbao.

Bosi wangu hapo alikuwa Auntie Bee. Jina lake ni Beatrice lakini hakuna mtu alimwita hivyo akaishi vizuri. Miguu ilikuwa inamuuma kila siku, so nyuma ya kaunta alivaa slipas, na viatu vya visigino vilikaa hapo kando vikingoja mwenye hoteli apite. Siku yangu ya kwanza alinipa kitambaa nipanguze kaunta. Nikapanguza. Akanipa tena. Mimi nikidhani hii ni mafunzo ya maana, kumbe alikuwa anataka nisimsumbue kwanza anywe chai.

Kitu ya kwanza alinifunza, nilijifunza kwa aibu. Kuna buda mmoja, mzee wa heshima zake, alikuwa mgeni wetu wa kawaida, mtu wa mbao huko Nyahururu. Kwenye karatasi za mafunzo ilikuwa imeandikwa mgeni akirudi umwambie "karibu tena" na tabasamu. Akaingia mchana, ako na mama amevaa suti ya kanisa. Nami nikatoa meno yote. "Karibu tena sana! Tukuwekee ile room yenu ya kawaida?"

Yule mama akamwangalia bwana yake. Akaniangalia mimi. Akaangalia kitanda kilichochorwa kwa bango letu.

"Room yenu na nani?" akauliza, polepole.

Auntie Bee alivaa visigino kabla sijapumua. "Mama, samehe huyu msichana, ni mpya. Anaambia kila mtu karibu tena. Jana ameambia mzungu ametoka ndege saa hiyo hiyo. Sasa baba, jina naandika nani? Naomba kitambulisho, hatujuani." Akamwandikisha upya kama mtu hajawahi kukanyaga Nairobi. Yule buda alikuwa anatokwa na jasho kama ako ndani ya sufuria.

Wakishaingia lifti (ilisimama, tukasikia teke) Auntie Bee akanifinya mkono. "Hapa hatumjui mtu mpaka yeye atujue kwanza. Umeskia? Yeye ndio anasalimia kama rafiki. Wewe unangoja."

"Lakini karatasi imesema..."

"Karatasi haina bibi."

Sikumpenda Auntie Bee hiyo wiki. Hata wiki zilizofuata. Alikuwa anakosea majina, alichukia watu wa semina, na mara moja alimpa askofu room juu ya disko. Lakini kuna kitu alisema na nimetembea nayo: usihangaike kujua mgeni anapenda nini, kwa sababu anachopenda leo kesho amebadilisha. Jua kile kinamuudhi. Hiyo haibadilikangi.

Kutoka hapo nilienda Karen, kwa loji ya watalii. Hapo sina mengi ya kusema. Kulikuwa na miti mingi, nyani mmoja aliyeingia mavyumbani kuiba sabuni, na wageni ambao kila asubuhi walikuwa wanataka kujua kama nyani yuko salama. Sisi hakuna mtu aliuliza. Nikatoka, nikaja Kilimani, na hapo ndio mlinikuta.

Sasa. Mama Lusike.

Wengi wenu mnamjua kutokana na ile fujo ya keki, na mnaisimulia vibaya. Niwaeleze vile ilikuwa.

Alikuja mara ya kwanza na bwana yake, Mwalimu Simiyu, hedimasta huko Bungoma, mtu mrefu anayeongea kama anasomea darasa imla. Mama alikuwa amejifunga kitambaa kichwani hadi kwa nyusi. Lobi ilikuwa imejaa vijana wa laptopu. Akasimama mlangoni, akashika ukuta, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hakuna mlango mwingine?"

Kulikuwa na wa jikoni. Hatukuwa tunapitisha wageni hapo, kuna mapipa. Nikampitisha. Na watu wa jikoni, ambao mnajua vile wana mdomo, hawakusema hata neno. Kila mtu aligeukia sufuria yake. Mpishi alikuwa anakoroga supu ambayo haikuwa hata kwa moto. Hakuna mtu aliwaambia wafanye hivyo, na kila mara alikuja walifanya hivyo hivyo. Anapita, wanageuka. Amepita, kelele zinarudi.

Mwalimu alinieleza baadaye, akiwa anangoja chai. Mama alikuwa anatibiwa saratani, hospitali hapo chini, anawekewa dawa ya dripu, anapumzika wiki kadhaa, anarudi. Nyumbani hakuna mtu anajua anakuja kutibiwa. Watu waliambiwa Mwalimu ana semina Nairobi na ameenda na bibi yake. "Nadhani hakuna mwalimu Kenya hii amehudhuria semina nyingi kama mimi," akasema. "Wenzangu wameanza kunionea wivu."

"Na mtoto wenu?"

"Lusike yuko Qatar, anafanya kazi kwa hoteli kama wewe. Akijua ataacha kazi. Mama hataki."

Halafu akaniambia kitu ambacho ndio shida yote. Mama alikuwa ameanza matibabu mwaka uliopita na akaacha. Kuna jirani alimwona hospitalini. Wiki hiyo watu wakajaa nyumbani kwao kumwombea. Wakaja na hema. Wakaja na viti vya kukodi. Mama akachungulia kwa dirisha, akaona viti vya plastiki vimepangwa kwa uwanja wake kama matanga, na yeye ako hai anapika maharagwe. Akaapa akionekana tena, basi, hataki dawa, wacha iwe vile itakuwa. Mwalimu alimbembeleza miezi ndio akakubali kurudi. "Amekubali kwa sharti hiyo moja," akasema. "Asionekane."

So tulikuwa na mambo yetu. Room ya mwisho kwa korido ya chini. Uji wa wimbi bila limau. Kitunguu kisikaangwe akipita. Na ile dawa ya kunukisha vyumba isipuliziwe humo hata kidogo, kwa sababu ikimpata anatapika hadi machozi. Hiyo ndio ilikuwa uaminifu wetu kwake. Haikuwa na jina.

Ndio Kelvin akaletwa awe meneja.

Naomba muelewe, Kelvin si mtu mbaya, na hiyo ndio inaniudhi zaidi. Mtu mbaya unamchukia unalala. Kelvin alikuwa anakuja kazini mapema, anasaidia kubeba masanduku, anajua siku za kuzaliwa za watoto wa wasafishaji. Lakini alikuwa amesoma mahali kuhusu kumfurahisha mteja na ikamwingia kama malaria. Kwanza akaleta harufu. Ati hoteli lazima iwe na harufu yake mgeni aikumbuke. Akaweka mashine ya vanila kwa lobi, tukawa tunanuka kama ndani ya biskuti. Halafu akaleta ile sheria ya jina, mnaikumbuka: taja jina la mgeni mara tatu kabla hajaondoka kaunta. Sistimu inachukua jina la kitambulisho. So msichana wa juzi anamwambia mama wa umri wa mamake, "Karibu Priscah! Priscah, safari ilikuwaje? Haya Priscah, furahia!" Mama Lusike, ambaye ndiye huyo Priscah na alikuwa amekuja kaunta kutia sahihi tu, aligeuka nyuma kuangalia Priscah ni nani.

Halafu pointi. Ukilala unapata, ukila unapata, zikijaa unapewa zawadi. Sikatai, kuna watu wanazipenda. Lakini sistimu haijui mtu analala kwako kwa nini. Mtu anayekuja kila wakati sistimu inadhani anakupenda.

Asubuhi moja Kelvin akakuja akiruka. "Sharon! Tumepata Mgeni wa Mwaka! Ni Priscah Simiyu, leo anakuja!"

Nilimwambia hapana. Si mara moja. Nilimwambia, "Kelvin, huyo mama ni mgonjwa, hataki kuonekana, hata mlango anapitia ni wa jikoni."

Akashtuka kabisa. "Mgeni wetu nambari moja anapitia kwa mapipa?"

"Ameomba mwenyewe."

"Sharon, mgonjwa ndio anahitaji furaha zaidi."

Sasa utamjibu nini mtu kama huyo? Nilimwambia aache kabisa, akasema sawa, sawa, tutafanya kitu kidogo. Sikumwamini. Nikampigia Mwalimu. Mteja hapatikani. Alikuwa kwa basi, simu imeisha chaji. Nikapiga tena na tena nikiwa nimejificha stoo ya mashuka. Mteja hapatikani. Nikaenda kusimama kwa geti ya nyuma niwazuie, na hapo ndio nikaona mlango wa jikoni umetiwa kufuli. Mpya, inang'aa. Kelvin alikuwa amefikiria kila kitu. Askari akawa amewazungusha mbele.

Nilikimbia. Nilisikia kabla sijafika. Mnajua vile tunaletanga keki, watu wa jikoni kwa laini, wanapiga sufuria na miko, wanaimba, wanacheza. Wale wale. Wale waliokuwa wanamgeuzia mgongo kwa heshima walikuwa wamepangwa mbele yake wakigonga sufuria, na sura zao zilikuwa zimekufa, kwa sababu wao pia walikuwa wanajua, lakini meneja amesema. Vanila kila mahali. Baluni. Keki imeandikwa *Asante Priscah kwa uaminifu wako*. Weita mmoja mpya akamshika mama mkono amchezeshe, kitambaa kikateleza, kichwa kikabaki wazi, na Kelvin akapiga picha.

Zile sufuria zilinyamaza moja moja.

Mama Lusike aliinama akaokota kitambaa. Halafu akaniona nimesimama pale nikihema.

"Na wewe pia, Sharon?"

Hakungoja nijibu. Wakatoka wakaita teksi. Dripu ilikuwa ya kesho yake. Walirudi Bungoma na basi la jioni hiyo.

Mwalimu alinipigia baada ya siku kadhaa. Hakuwa ananisomea imla. "Amekataa," akasema. "Daktari amenipigia, amesema tusichelewe, dawa ikikatwa katikati ni kama kuanza upya, na mwili wake hauna nguvu ya kuanza upya. Nimemwambia. Amekataa. Ongea naye wewe."

Akampa Mama simu, nikaanza kusema pole. Akanikata.

"Wacha pole. Ile picha iko wapi?"

Nikaangalia. Ilikuwa kwa ukurasa wa hoteli. Kichwa chake kidogo kama cha mtoto, mdomo wazi, baluni nyuma.

"Iko mtandaoni, Mama."

"Nani ameona?"

"Naona wale wameipenda tu. Wale wamepita bila kubonyeza siwezi jua."

"Nisomee."

Nikakaa juu ya ndoo hapo stoo nikamsomea majina. Moja baada ya ingine. Yeye anasema, "Simjui. Endelea. Simjui." Majina ya watu wa Nairobi, wapenda keki, watu wanabonyeza tu. Nikafika kwa mmoja nikasita.

"Mbona umenyamaza?"

"Huyu anaitwa Nafula. Ni jina la huko kwenu."

Nilisikia kuku huko kwao.

"Nafula nani?"

"Nafula Cathy. Amevaa joho la kwaya kwa picha yake."

"Joho rangi gani?"

"Kijani."

Akatoa pumzi ndefu. "Letu ni zambarau. Endelea."

Tukamaliza. Halafu akasema, bila kunibembeleza, "Ikitoka leo, nitakuja kwa dawa. Ikibaki, usinipigie tena. Wewe au mwalimu. Nimechoka kuonyeshwa watu."

Nikaenda kwa ofisi ya Kelvin. Nilienda vizuri, nimevaa hata beji.

"Kelvin, toa ile picha."

"Ya Priscah? Sharon, hiyo ndio imefanya vizuri kuliko zote tumewahi weka. Mwenye hoteli mwenyewe ameipenda."

"Huyo mama ameacha matibabu kwa sababu yake."

Akaweka kalamu chini. Aliumia, niliona. "Aki pole. Basi tumfanyie hivi. Tumtumie pointi. Nyingi. Usiku mbili bure na kiamsha kinywa."

"Kelvin."

"Ama tufunike uso na kale ka-emoji ka moyo."

"Kelvin, toa picha."

"Wacha niongee na mwenye hoteli Jumatatu."

Jumatatu! Mimi ndio nilikuwa nikijibu wateja kwa huo ukurasa, wale wa "mbona maji ni baridi". Nenosiri nilikuwa nalo. Nilitoka ofisini mwake, nikasimama hapo kaunta karibu na ile mashine ya vanila, nikaitoa ile picha. Halafu nikaizima na mashine, kwa sababu nilikuwa nimefika.

Kelvin alijua kabla ya chakula cha mchana. Akaniuliza, "Ni wewe?" Nikamwambia ni mimi. Akasema mwenye hoteli anataka mtu, kwa hivyo niandike barua ya kuacha au yeye aandike ya kunifuta, na angependa niandike mimi kwa sababu ya kesho yangu. Nikaandika. Mistari miwili. Brenda akasema maneno yake, mkacheka, na mimi pia nilicheka, msidhani nilienda nikilia. Nililia nikifika ile mall ya Prestige hapo, baada ya kuhakikisha hakuna mtu ananijua.

Auntie Bee alikuwa amestaafu kitambo, yeye kikweli. Anakaa mtaa wa Jamhuri, nyumba ya kwanza karibu na kona, na ako na chumba kimoja nyuma ambacho mlango wake unafungukia jikoni. Nilimpigia nikamweleza.

"Anataka uji wa aina gani?" akauliza.

"Wimbi. Bila limau."

"Na mimi nivae viatu?"

"Hapana."

"Basi aje."

Mama Lusike alikuja. Hakuniambia asante, na mimi sikumwambia kilichonipata kazini. Mwalimu ndio aliambiwa na Auntie Bee, ambaye hajawahi kufunga mdomo wake. Dripu iliyochelewa ilimpiga vibaya, kuna siku tulimshika watu watatu ndio afike bafuni. Lakini alirudi ya kufuata, na ya kufuata. Auntie Bee alikuwa anamkaripia kama dada yake, na mara mbili alimwita Mama Nekesa, na hakuna mtu alimrekebisha.

Wiki iliyopita alimaliza. Daktari amesema arudi baadaye waangalie, na zaidi ya hapo hakuna mtu anajua. Jioni tulikuwa tumeketi nyuma ya nyumba, Auntie Bee anachambua sukuma, Mwalimu amelala kwa kiti na gazeti usoni. Mama alikuwa ametoa kitambaa kwa sababu ya joto, na nywele zimeanza kurudi, fupi, nyeupe. Simu yake ikalia. Akaisoma, akaiweka mbali, akaivuta karibu, akaisoma tena kwa sauti.

"*Tumekumiss, Priscah! Umebakisha pointi kidogo tu upate zawadi yako.*"

Auntie Bee akainua kichwa. "Priscah ndio nani?"

Mama Lusike akafikiria kidogo.

"Ni mtu alikuwanga anaenda huko," akasema. "Alihama."

Kwa hivyo Brenda, ukiona hiyo jina bado iko kwa sistimu, itoe. Na kama mlango wa jikoni bado umefungwa, funguo iko kwa droo ya Kelvin, ile ya chini, upande wa kushoto, nyuma ya baluni zilizobaki.